Ukuta wa nyakati, Mwanza: shajara ya mradi

Klabu yetu ya historia, katika sekondari moja ya Ilemela, imepewa ukuta wa korido wenye urefu wa mita 12. Kazi ni kuchora juu yake historia ya mwambao huu wa kusini wa Ziwa Victoria, kuanzia enzi za wahunzi wa kwanza wa chuma hadi leo, ikiwa imegawanywa katika vipindi. Naiweka shajara hii ili shule nyingine ikitaka kuiga isilazimike kupita kote tulikopita. Bei ni za Mwanza mwaka 2025. Kazi iliyokwenda vizuri nimeipa mstari mmoja. Palipokwama nimekaa zaidi, kwa sababu ndipo hela ilipoishia.

8 Februari 2025. Vipindi vya kuazima

Tulianza na mgawanyo ambao kila mwanafunzi anao kichwani: kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, baada ya uhuru. Tuliunganisha manila sakafuni, tukapiga mistari miwili, tukaanza kujaza.

Upande wa kulia ulijaa mara moja. Upande wa kushoto jina moja lilifunika zaidi ya miaka 2,300. Mfinyanzi wa vyungu vya Urewe (ufinyanzi wa enzi za wahunzi wa kwanza wa chuma), Mrongo aliyefua majembe kule Geita, mtemi na watu wake, mchuuzi wa pembe aliyekuja na msafara kutoka Tabora, wote tuliwatia chumba kimoja, na mlangoni tukaandika jina la jambo ambalo wengi wao hawakuliona. Msichana wa kidato cha pili aliuliza, "Mwalimu, hawa walikuwa wanajua kwamba wako kabla ya ukoloni?" Swali hilo lilimaliza manila ya kwanza.

Tukajaribu nyingine. Zama za Kale, za Kati na za Sasa ni mgawanyo uliotiwa nguvu na Mjerumani Christoph Cellarius mwishoni mwa karne ya 17. Zama zake za Kati zinasimama kati ya enzi za Konstantino Mkuu wa Roma na kuanguka kwa Konstantinopo mwaka 1453. Vijana walitafuta kitu cha kuweka ziwani kwenye mipaka hiyo miwili wakakosa. Zama za Mawe, za Shaba na za Chuma zilitoka kwenye makumbusho ya Copenhagen, ambako Christian Thomsen alihitaji namna ya kupanga vitu kabatini. Huku kwetu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, watu walitoka kwenye mawe wakaingia kwenye chuma. Chumba cha katikati kingebaki kitupu. Mgawanyo wa ujima, ukabaila na ubepari ulitupa mjadala mzuri kuliko yote, kwa kuwa unauliza ardhi ni ya nani na nani anamfanyia nani kazi. Ila hakuna aliyeweza kuniambia mwaka ambao ujima uliisha Ukerewe.

Tuliloandika ubaoni kabla ya kufunga: kila mgawanyo ulikuwa jibu la swali la mtu fulani, na sisi tulikuwa tumeazima majibu bila kuuliza letu.

Gharama: manila 14,000, maka peni 12,000, gundi ya utepe 4,000. Upepo wa jioni kutoka ziwani ulibandua manila zote, kwa hiyo karatasi tumeachana nayo. Tunachora ukutani moja kwa moja.

22 Februari. Kipimo

Hesabu kwanza. Ukuta unaanza 500 KK na kuishia 2025. Wengi walitoa jibu la miaka 2,525. Ni 2,524, kwa kuwa mwaka sifuri haupo: baada ya 1 KK inafuata 1 BK. Ukigawa mita 12 kwa miaka hiyo, mwaka mmoja unapata chini kidogo ya milimita tano.

Hapo tukakwama. Kwa kipimo hicho, miaka yote kuanzia 500 KK hadi 1500 inachukua mita tisa na nusu, nasi tuna mambo machache sana ya kuweka humo. Kuanzia 1890 hadi leo ni sentimita 64: Wajerumani, Waingereza, vita, pamba, reli, ushirika, uhuru, vijiji, sangara, vyama vingi, vyote kwenye upana wa dirisha. Tuliandika majina kwa penseli ili kuona. Hayakusomeka.

Suluhisho ni vipimo vitatu. Mita mbili na nusu za kwanza ni 500 KK hadi 1500, milimita moja na robo kwa mwaka. Mita tatu na nusu zinazofuata ni 1500 hadi 1850, sentimita moja kwa mwaka. Mita sita za mwisho ni 1850 hadi 2050, sentimita tatu kwa mwaka, na miaka 25 ya mbele tumeiacha wazi makusudi.

Suluhisho hilo likazaa tatizo jingine siku hiyohiyo. Walioletwa kuangalia mchoro wa penseli waliuliza, "Mwaka 1500 kulitokea nini hapa?" Jibu la kweli ni kwamba hatuna la kusema, mstari ule ni wa rula, si wa historia. Tumekubaliana sehemu tatu ziwe na rangi tofauti ya msingi, na penye mpaka paandikwe kwa rangi nyekundu: HAPA KIPIMO KINABADILIKA. HAKUNA TUKIO. Tena chini kabisa, kwa urefu wote wa ukuta, upite utepe mwembamba wenye kipimo kimoja kisichobadilika, ili anayetaka kuona uwiano halisi auone. Kwenye utepe huo ukoloni wa Kijerumani una upana wa vidole saba au nane. Wanafunzi wanapenda kuupima kwa mkono.

15 Machi. Ukuta

Tepu ya karatasi tuliyobandika kunyoosha mistari iling'oka na chokaa yote ya zamani. Fundi rangi aligonga ukuta kwa kidole mahali kadhaa, akasikiliza, akasema, "Mwalimu, hapa mnapaka rangi juu ya unga." Ikabidi kukwangua chokaa, kuziba nyufa, kupiga msasa, kupaka prima na kusubiri ikauke. Mistari sasa tunapiga kwa uzi wenye chaki na pimamaji, tepu hairudi.

Gharama: unga wa kuzibia mifuko miwili 52,000, msasa 6,000, prima ndoo ya lita 20 65,000, ufundi 70,000. Ukuta wako ukiwa na chokaa, weka fungu hili kwenye bajeti tangu mwanzo.

5 Aprili. Matawi yanakuwa safu

Huu ndio uamuzi uliobadilisha mradi wote. Badala ya kutafuta vipindi vitakavyolingana na kila jambo, tumegawa ukuta kwa safu zinazolala juu kwa chini, kila safu tawi moja la historia, na kila tawi likate vipindi vyake lenyewe. Miaka inabaki ileile juu hadi chini. Ukisimama mahali pamoja na kuangalia wima, unaona nini kilikuwa kinaendelea kwenye kila tawi wakati mmoja.

Orodha ya kwanza ya matawi ilikuwa ndefu mno: siasa, uchumi, jamii, utamaduni, mazingira, tiba, dini, vita, elimu, wanawake, sanaa, sayansi. Urefu wa ukuta unaofikika kwa macho ya mwanafunzi ni kama mita 1.8, na safu yenye chini ya sentimita 30 haibebi maandishi ya kusomeka. Zikabaki safu tano: mazingira juu kabisa, kisha uchumi, siasa, afya, jamii na utamaduni. Vita tumevitia kwenye siasa, dini kwenye jamii.

Wanawake ndio waliotugombanisha. Wengine walitaka safu yao, wengine wakasema safu ya pekee ni kuwatenga, kana kwamba zile nyingine ni za wanaume. Nilikuwa upande wa kwanza, kura zikanishinda. Kanuni iliyopita ni kwamba kila kipande cha safu yoyote lazima kijibu wanawake walikuwa wanafanya nini katika jambo hilo, na kisipojibu hakipandi ukutani. Kanuni hii imetukawiza kuliko rangi. Safu ya siasa ndiyo inayoteseka zaidi nayo. Safu ya uchumi inapumua, maana palizi ya pamba na uanikaji wa dagaa haviandikiki bila wao.

26 Aprili. Wajerumani walifika Mwanza lini?

Tulidhani safu ya siasa itakuwa rahisi. Kitabu kinasema Wajerumani 1885 hadi 1918 au 1919, Waingereza hadi 1961.

Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, kwa mikataba ya huko upande wa Usagara. Mwambao wa ziwa haukuhusika bado. Mpaka wa kukata ziwa kwenye nyuzi 1 kusini ulikubaliwa kati ya Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890. Emin Pasha, akitumikia Wajerumani, alifika ziwani mwaka huohuo na mwezi Novemba akaanzisha kituo Bukoba. Mji wa Mwanza kama kituo cha utawala huhesabiwa tangu 1892. Kwa kipimo chetu, kati ya 1885 na 1892 kuna sentimita 21 za ukuta. Ukizipaka rangi ya Ujerumani, umewapa utawala wa miaka saba ambao mtu wa Nyegezi hakuuona.

Mwisho nao vilevile. Majeshi ya Uingereza yaliingia Mwanza tarehe 14 Julai 1916. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo mji huu ulikuwa chini ya Waingereza zaidi ya miaka miwili wakati kusini wanapigana bado.

Tumekata safu yetu 1890 kwa ukingo uliofifia hadi 1892, na 14 Julai 1916 kwa mstari mkali. Juu yake tumeweka alama ndogo za 1885 na 1919 zenye maneno "mkato wa kitaifa". Nimewaambia wanafunzi wangu wazi: mtihani ukiuliza Tanganyika, jibu la Tanganyika, ukiuliza Mwanza, jibu la Mwanza. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, jambo linalosaidia, kwa sababu mabishano ya namna hii hayaendi katika lugha ambayo mwanafunzi anaipigia hesabu kabla ya kufungua mdomo.

Safu ya uchumi iliyo juu yake ilitupa zawadi. Mkato mkubwa wa biashara ya Mwanza enzi za Wajerumani haukutoka upande wa Wajerumani. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, meli zikaanza kuunganisha bandari za ziwa na reli hiyo, na mzigo wa Mwanza ukapata njia ya baharini kupitia koloni la jirani. Treni kutoka Tabora ilikuja kufika Mwanza 1928, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Basi rangi ya siasa inabadilika 1890 na 1916, rangi ya uchumi inabadilika 1901 na 1928, na hakuna hata mkato mmoja unaokutana na mwingine. Ukuta wenye safu moja ungeficha hilo.

17 Mei. Sponji

Tatizo la kingo. Penye hati ya tarehe tunapiga uzi na kupaka hadi kwenye mstari. Penye makadirio mstari mkali ni uongo.

Mfano wa kwanza ni watemi. Kijana mmoja alileta orodha ya watemi 12 wa ukoo wa bibi yake, akazidisha kwa 30, akapata miaka 360, akarudi nyuma hadi karne ya 17. Hesabu ya miaka 25 hadi 30 kwa kizazi ni ya kawaida kwa wanaochunguza nasaba, lakini inahesabu vizazi. Ndugu akimrithi ndugu, watawala ni wawili na kizazi ni kimoja. Na katika himaya nyingi za Usukuma mrithi alikuwa mpwa, mtoto wa dada, kwa hiyo nasaba haishuki kama ngazi ya baba na mwana. Tulipokaa naye na kuuliza kila jina lilihusianaje na lililotangulia, watawala 12 wakawa vizazi saba. Miaka 360 ikashuka hadi kati ya 175 na 210.

Kwingine masimulizi yana msaada wa angani. Huko Ankole, Uganda, kupatwa kwa jua kunakokumbukwa Biharwe huunganishwa na kule kwa mwaka 1520, na orodha za wafalme wa jirani zikapata pa kufungwa. Watemi wetu hatujawapatia msumari wa namna hiyo.

Mfano wa pili ni upimaji wa umri kwa kaboni. Ukisoma kwamba mkaa wa tanuru ni wa "miaka 2,400 kabla ya sasa", ile "sasa" ya wanaakiolojia imesimama mwaka 1950, haisogei. Kikundi kimoja kilitoa kutoka 2025 kikapata karibu 375 KK. Sahihi ni karibu 450 KK. Tofauti ni miaka 75, sentimita tisa na zaidi ukutani. Na bado hapo hujasahihisha kwa jedwali la pete za miti. Kuna kipande kibaya sana kwenye jedwali hilo: vipimo vya miaka ya karibu 2,500 hadi 2,400 vinaangukia popote kati ya 800 na 400 KK, na kaboni peke yake haiwezi kuvitenganisha. Chuma cha zamani cha ukanda huu wa ziwa, kama kile cha Katuruka upande wa Buhaya, kinahangaika jirani na hapo hapo.

Dawa ni sponji. Unachovya kidogo sana, unakamua, unagonga ukutani kutoka palipokolea kwenda palipofifia. Upana wa ufifiaji ndio upana wa shaka yetu. Ukanda wa Urewe unaingia ukutani kutoka kushoto tayari umefifia, kwa sababu hatuna haki ya kuuanzisha kwenye 500 KK kamili eti kwa kuwa matofali yameanzia hapo. Fundi hakufurahi. "Watu watasema niliishiwa rangi." Tumemwekea maelezo pembeni kulinda jina lake.

Gharama: rangi za msingi 90,000, rangi za safu 50,000, brashi, rola na sponji 18,000, ufundi 105,000.

14 Juni. Igombe

Masimulizi. Tumekwenda kwa wazee na daftari na simu ya kurekodia, ruhusa kwanza, sukari na sabuni mkononi. Maswali yetu ya mwanzo hayakufaa. Tuliuliza, "Bibi, uhuru ulibadilisha nini?" tukapata majibu ya redioni. Tulipogeuza tukauliza, "Ulipoolewa mlikuwa mnaishi wapi, na kwa nini mlihama?" mambo yakafunguka.

Bibi mmoja wa Igombe, shuka begani, alituonyesha kwa fimbo mahali ambapo leo mitumbwi imelala. "Pale ndipo ulipokuwa mhogo wa mama mkwe wangu. Uhuru nilisimuliwa, mjukuu wangu. Maji niliyaona." Akasema waliondoa vyungu kwanza, kisha mbuzi, na mume wake akabaki analala juu ya dari ya ghala kwa ubishi, mpaka maji yalipomfikia.

Tulirudi tukakagua. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Kiwango hicho cha 1964 kilikuja kupitwa kidogo Mei 2020. Kwa hiyo safu ya mazingira na safu ya siasa zote zinakatika mwishoni mwa 1961, bila sababu moja kugusa nyingine. Ni mahali pekee kwenye ukuta ambapo safu mbili zinakutana kiasi hicho kwa bahati. Wanafunzi wawili walitaka kuandika kwamba mbingu ilibariki uhuru. Nimewaachia waandike kwenye daftari lao.

Kinyume chake ni miaka ya 1890. Pale safu zote tano zinavunjika ndani ya muda mfupi, na safari hii kuna nyuzi zinazoziunganisha: sotoka iliyomaliza ng'ombe, funza, ndui, utawala mpya, na baada ya 1900 malale. Mifugo ikifa, vichaka vinarudi. Vichaka vikirudi, mbung'o wanapata makao. Hapo tumechora mishale kutoka safu hadi safu. Kwingineko mishale ni marufuku mpaka uonyeshe sababu.

Gharama: nauli na zawadi za wazee 48,000.

5 Julai. Samaki mmoja, mikato mitatu

Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Ziwani kwenyewe mapinduzi yalionekana miaka ya 1980, alipoongezeka kupita kiasi na furu wa aina nyingi wakatoweka. Viwanda vya minofu vikaenea Mwanza miaka ya 1990, na mwaka 1999 soko la Ulaya lilipofungwa kwa muda, mji mzima ulisikia. Safu ya mazingira inakata wapi? Tulitumia mchana mzima. Uamuzi: mazingira inakata 1980 na kitu kwa sponji, uchumi inakata miaka ya mwanzo ya 1990, na kuletwa kwenyewe kunapata nukta ndogo tu. Aliyemwaga samaki kutoka ndooni hakuanzisha kipindi siku ile, hakuna aliyejua.

Halafu daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwezi uliopita, na kila mtu anataka mstari mnene. Nimekataa. Wale wanaovuka kila wiki wananiona mkaidi, na pengine kwao kivuko tayari ni enzi nyingine. Tumeliwekea nukta ya penseli. Kuhusu ile nafasi wazi iliyo kulia kwake, wataamua wanafunzi wa kidato cha kwanza cha mwaka 2035.

9 Agosti. Kadi, na mstari mweusi

Maandishi yaliyopakwa ukutani tumeyafuta. Kila tuliposahihisha tarehe ilibidi kupaka upya safu na rangi ya pili haikufanana na ya kwanza. Sasa safu ni rangi tupu, na maelezo yako kwenye kadi zilizofunikwa plastiki, zimetundikwa kwa waya kwenye misumari ya zege. Kadi ikikosewa unaitoa, unachapa nyingine.

Mjadala mgumu wa mwezi ulikuwa kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa walitaka mstari mweusi upite safu zote. Niliwaeleza Fernand Braudel, yule Mfaransa aliyetenganisha muda wa aina tatu: ule wa polepole wa ardhi na maji, ule wa kati wa uchumi na jamii, na ule mwepesi wa matukio. Kwa kipimo hicho ajali ni tukio, haianzishi kipindi. Mmoja alijibu, "Mwalimu, nenda Igoma makaburini uwaambie hivyo." Nilinyamaza kidogo, kisha tukapiga kura. Mstari mweusi umepita kwenye safu ya jamii peke yake. Katika safu ya uchumi, aliyetaka uwepo alishindwa kuonyesha mzigo ulibadilisha njia. Naona vijana walikuwa sahihi kuliko mimi kuhusu jamii, kwa kuwa watu wa hapa huhesabu miaka kwa siku ile: mtoto alizaliwa kabla ya meli au baada ya meli.

Gharama: kadi 64 kwa 1,500, jumla 96,000, misumari na waya 12,000.

13 Septemba. Tunajuaje

Safu ya chini, sentimita 20, haihusu yaliyotokea. Inaonyesha tunayajuaje. Akiolojia na isimu zinabeba kushoto kote. Masimulizi yanaanza kukolea kwenye sehemu ya pili. Maandishi ya watu waliofika wenyewe yanaingia kwa nguvu na Speke, aliyelitazama ziwa kutoka vilima vya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Hiyo ndiyo tarehe ya kwanza ukutani yenye siku na mwezi. Kisha Stanley, Kageye, 1875. Kisha wamisionari, kisha faili za serikali, kisha picha, kisha simu.

Safu hii ilitusaidia kutupa neno moja la kitabuni, "kabla ya historia". Ukisema historia huanza na maandishi, Misri inaanza zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na Mwanza inaanza na Mwingereza mwenye maradhi ya macho. Tangu 1961 Jan Vansina alipoonyesha namna ya kuyahoji masimulizi kama hati nyingine yoyote, kwa kuuliza nani anasimulia, alisikia kwa nani, na ananufaika na nini, kisingizio hicho kimekwisha. Maswali hayohayo tumeyabandika pia kwenye kadi ya Speke.

Kazi ya mwisho ilikuwa nje. Takriban miaka 15,000 iliyopita ziwa hili, lililokuwa limekauka, lilianza kujaa tena. Kwa kipimo cha utepe wa chini, hiyo ni mita 71 kutoka ncha ya kulia ya ukuta, yaani mita 59 kushoto kwa pale ukuta unapoanzia. Tulipima kwa futi kamba tukapita darasa la mwisho, tukapita mwembe, tukaishia karibu na jiko. Tumesimika kigingi cha chuma kwenye zege. Mama wa jikoni ametuomba tukipake rangi ya kung'aa asije akajikwaa alfajiri.

Gharama: kigingi na saruji 15,000.

4 Oktoba. Hali ilivyo

Safu nne zimekamilika, ya afya imebaki na pengo kati ya malale na kufunguliwa kwa Bugando mwaka 1971. Tunatafuta wauguzi wastaafu walio tayari kurekodiwa. Kadi za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, zimesimama kwa sababu wazee wa pande hizo mbili hawakubaliani nani alianza kumshinda nani. Tutachapa kadi mbili na kuzitundika jirani.

Jumla mpaka leo ni shilingi 657,000. Fundi na maandalizi ya ukuta vimekula karibu nusu. Anayeiga kwenye ukuta mzuri usio na chokaa atapunguza kama laki mbili. Asiye na mita 12 afute sehemu ya kati na kuacha pengo jeupe lenye onyo. Sisi tungeanza hivyo tungeokoa mwezi. Msipunguze safu ya chini, na msinunue tepu.

Wiki ijayo tunahamisha mkato wa ushirika. Tumeuweka 1955, ilipoundwa Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, lakini mzee mmoja wa Magu amekuja na mizani ya pamba na maneno makali, akidai wakulima walikuwa wanapima wenyewe miaka kadhaa kabla ya hapo. Sponji iko tayari.